Sevalesi: unalipia ukitumia tu, ila mita yake sio ya LUKU

Saiti ya kampuni ya tua hapa Arusha ina maisha mawili kwa mwaka. Kuanzia Juni mpaka Oktoba na tena Desemba na Januari watu wanaingia usiku na mchana, Mjerumani anauliza bei ya Machame siku saba, Mmarekani anataka kubadilisha tarehe ya Serengeti, hela za advansi zinaingia na bosi anapiga simu kila saa mbona saiti nzito. Halafu inakuja Aprili, masika imekolea, magari yamepaki Njiro yanafanyiwa sevisi, na saiti inashinda siku nzima imetembelewa na watu wa kuhesabu na roboti za Google. Seva mliyoikodi sasa, yenyewe haijui kama kuna masika. Inakula hela ile ile ya Agosti.

Hapo ndo utasikia chalii wa IT anasema "bosi tuhamie sevalesi, tutalipia pale tu mtu anapoingia", na bosi akishasikia habari ya kulipa kidogo tayari kakubali. Anachosema dogo ni kweli kabisa. Ila ni nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndo ina kazi, kwa hiyo tuipitie taratibu.

Njia tuliyoizoea ni hii: unakodi VPS (seva ya kukodi iliyoko mtandaoni), unaweka Ubuntu, Nginx, databesi, programu yako ya PHP au Python, na ile mashine inakaa macho masaa 24 ikisubiri mtu. Aje mtu asije, kodi ya mwezi iko pale pale, na masasisho ya usalama ni juu yako, diski ikijaa juu yako, ikizima saa nane za usiku juu yako vilevile. Na kuna ofisi mpaka leo seva iko chini ya meza pembeni ya UPS, umeme ukikatika inalia pii pii dakika kumi halafu saiti inalala pamoja na taa za mtaa mzima.

Kwenye sevalesi (serverless, yaani bila seva) seva zipo, tena nyingi mno, ila ni za Amazon au Google au Microsoft na wewe hushiki hata moja. Unachowapa ni kipande cha programu, fanksheni, mfano "pokea fomu ya buking, iandike kwenye databesi, mtumie mteja barua pepe", halafu unawaambia ni tukio gani liiamshe. Inaweza kuwa mtu kabonyeza kitufe kwenye saiti, au picha ya pasipoti imepandishwa, au saa imefika kumi na mbili asubuhi, au ujumbe umeingia kwenye foleni. Tukio likitokea wanaitafutia nafasi kwenye mashine zao, inaendeshwa, inajibu, basi. Wakija watu mia kwa mpigo zinafunguka nakala mia. Asipokuja mtu hakuna kinachoendeshwa.

Historia yake fupi tu. Google App Engine ilikuwepo tangu 2008 na ilishaanza kumficha developa asione seva, lakini kilichofanya kila mtu aongelee hii kitu ni Lambda ya AWS, yaani klaudi ya Amazon (kompyuta zao za kukodi mtandaoni), ilitangazwa Novemba 2014. Microsoft wakaja na Azure Functions 2016, Cloudflare na Workers 2017, Google wakaongeza Cloud Run 2019. Wazee waliokuwa wanaandika Perl miaka ya 90 watakwambia hata wao walikuwa na CGI, kila rikwesti (ombi la mtu kwenye saiti) inawasha programu upya na ikimaliza inakufa, na hawajakosea sana, tofauti ni kwamba wao ile seva bado walikuwa wanailea wenyewe.

Swali linalokuja ni wanawezaje kumuwashia kila mtu mashine yake ndani ya muda wa kupepesa jicho, na isichanganyike na ya jirani. Mashine pepe ya kawaida, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta kubwa, kuwaka mpaka iwe tayari ni kusubiri kweli. Amazon walitengeneza kitu kinaitwa Firecracker, kimeandikwa kwa lugha ya Rust na mwaka 2018 wakakiachia watu wote wakisome na kukitumia. Kinawasha kimashine pepe kidogo sana kwa kama milisekunde 125, na chenyewe kinakula memori isiyofika megabaiti 5 juu ya ile ya programu yako, ndo maana seva moja kubwa inabeba maelfu ya hivyo vimashine, kila kimoja kimefungiwa chumbani kwake. Cloudflare wao wamepita njia nyingine, wanatumia V8, ile ile injini ya JavaScript iliyo ndani ya Chrome, wanagawa vyumba ndani ya programu moja bila kuwasha mashine yoyote. Ni chapu zaidi, ila huwezi kuendesha kila kitu unachotaka mle.

Sasa milisekunde 125 ni za kuwasha kimashine tu. Baada ya hapo inabidi programu yako ishushwe, lugha iwashwe, maktaba zote ulizojaza zisomwe, koneksheni ya databesi ifunguliwe. Huo mlolongo wa mara ya kwanza madevelopa wanauita koldi stati (cold start, kuanza kwa baridi), na kwa Python au Node au Go iliyoandikwa vizuri huwa hausumbui kivile, kwa Java iliyobeba maktaba nusu dunia unaweza kwenda sekunde kadhaa. Ikishawaka inaachwa macho kwa muda kidogo, hawakuahidi muda gani, na rikwesti inayofuata ikija inakuta kila kitu tayari. Angalia inamuangukia nani hii. Agosti watu wanafuatana kwa hiyo wengi wanakuta pamoto. Aprili anakuja mgeni mmoja asubuhi, mwingine mchana, na kila mmoja anakutana na koldi stati yake. Yaani yule mteja wa msimu mbaya, ambaye ndo unamtaka kuliko wote, ndiye anayesubiri zaidi. Unaweza kulipia nakala kadhaa ziwe macho muda wote, ila hapo umerudi kulipia usiku wa masika, si ndo ulikuwa unakimbia hicho?

Tuje kwenye hela. Lambda ina bei mbili, ya kuitwa na ya muda. Kuitwa ni dola 0.20 kwa kila mara milioni moja. Muda unahesabiwa kwa gigabaiti-sekunde, maana yake memori uliyoomba mara sekunde ilizotumia, na moja ni dola 0.0000166667 kwa mashine za kawaida, na tangu Desemba 2020 wanahesabu mpaka milisekunde moja, zamani walikuwa wanakupandisha kwenye 100. Kila mwezi una bure mara milioni 1 na gigabaiti-sekunde 400,000.

Chukua saiti ya tua inayopata rikwesti 300,000 kwa mwezi, kila moja inatumia milisekunde 200 na memori ya nusu gigabaiti. Zidisha utapata gigabaiti-sekunde 30,000. Yote hayo yamo ndani ya bure, na hata usingepewa bure ni kama senti 56 za dola. Mwezi mzima! Hapo VPS ya bei ya chini kabisa haioni ndani.

Ila sasa chukua mfumo mwingine, mfano unaopokea GPS za magari ya safari, rikwesti 50 kila sekunde bila kupumzika, usiku na mchana, na kila moja ina ukubwa ule ule. Kwa siku 30 ni rikwesti 129,600,000, muda wake peke yake dola 216, kuitwa karibu dola 26, na hapo hujaweka mlango wa API (njia ya programu moja kuongea na nyingine) ulioko mbele yake ambao una bei yake, hujaweka databesi wala logi (kumbukumbu za kila kilichotokea). Mzigo wa namna hiyo, ambao hauna kilele wala bonde, seva ya kawaida ya dola chache tu inaubeba huku inapiga miayo. Kwa hiyo swali la kwanza usiulize sevalesi ni rahisi au ghali, uliza mzigo wako ukoje kwa mwezi. Ukiwa na vilele na mabonde mengi unalipa kidogo. Ukiwa bapa, hesabu kwanza.

Na kuna jambo ambalo watu hawalioni mpaka bili ije: Lambda inachaji hata muda wa kusubiri. Fanksheni yako ikipiga API ya kampuni ya malipo na ile API ikachukua sekunde 4 kujibu, hizo sekunde 4 fanksheni imekaa haifanyi lolote na mita inazunguka. Seva ya kawaida ingekuwa inahudumia watu wengine huku inasubiri. Cloud Run inaruhusu hivyo, nakala moja ihudumie wengi kwa pamoja, na kwa kazi zenye kusubiri sana mimi ningeanzia huko.

Halafu ile mita yenyewe. Watu wakisikia lipa kadiri unavyotumia moja kwa moja wanafikiria LUKU, kwamba nimeweka ya elfu kumi, ikiisha taa zinazima na nitajua. Sio hivyo. Hii ni ile mita ya zamani kabla ya LUKU, inasoma tu, haikatiki, bili utaikuta mwisho wa mwezi na kadi ulishawapa. Unaweza kuweka tahadhari ya bajeti, na uweke leo, lakini tahadhari ni barua pepe tu, haizimi kitu, na taarifa za bajeti za AWS zinasasishwa kila baada ya masaa kama 8 mpaka 12, kwa hiyo tatizo likianza saa mbili usiku unaweza kuamka asubuhi ndo unaambiwa. Mfano wa kawaida kabisa ni hii lupu: fanksheni inaamshwa picha ikiwekwa kwenye foda, inaipunguza ukubwa, halafu inaihifadhi kwenye foda ile ile. Ile picha ndogo nayo ni picha mpya, inaamsha fanksheni tena, inahifadhi tena, na nakala zinafunguka mia kwa mia kwa sababu mfumo umetengenezwa usikatae kazi. Sa hizi AWS wanajaribu kugundua baadhi ya lupu za namna hii na kuzisimamisha, ila usilale ukiwategemea. Breki ya uhakika ni kuweka kikomo cha nakala zinazoruhusiwa kwa wakati mmoja, mwambie fanksheni hii isizidi 10 au 20. Ni kama dakika mbili za kazi na sijui kwa nini sio kitu cha kwanza kinachofundishwa.

Kwa mtazamo wangu lakini hela sio tatizo kubwa la sevalesi kwa kampuni za huku. Tatizo kubwa ni kazi kurudiwa, na hapa nitakaa kidogo.

Tuseme kundi limeshuka Kilimanjaro, limetokea lango la Mweka, mwongoza wageni amehakiki majina ya wapagazi akayatuma, na dada wa uhasibu Moshi anabonyeza kitufe cha kulipa. Nyuma ya kitufe kuna fanksheni ya Lambda inayoongea na kampuni ya malipo ya simu: mtumie Baba Neema shilingi 200,000. Siku hiyo kampuni ya malipo iko bize, inachukua sekunde 5 kujibu. Lambda ukiiacha kama ilivyokuja inaipa fanksheni sekunde 3 tu, mpaka uongeze mwenyewe. Kwa hiyo ikifika sekunde ya 3 fanksheni inakatwa, wakati ombi lilishafika kule na hela ndo inatoka. Kwao imelipwa, kwako imeandikwa imefeli. Na kama fanksheni iliitwa kwa ile njia ya kutosubiri jibu, ambapo tukio linawekwa kwenye foleni na aliyeita anaendelea na mambo yake, basi Lambda kwa roho yake nzuri inajaribu tena, inasubiri kama dakika moja inapiga mara ya pili, ikifeli inasubiri dakika mbili inapiga ya tatu. Kila mara inakatwa sekunde ya 3, kila mara imefeli, na kila mara simu ya Baba Neema inaingia meseji umepokea shilingi 200,000. Laki sita. Ameshaita washkaji wanaagiza mbuzi choma Majengo. Kumfuata mtu aliyebeba mzigo mlimani siku saba umwambie arudishe laki nne, hiyo kazi mpe mtu mwingine.

Hakuna kilichoharibika hapo. Kila kipande kimefanya kazi kama kilivyoandikwa kwenye maelekezo yake. Foleni nyingi za klaudi zinaahidi kwamba ujumbe utafika angalau mara moja, soma vizuri hapo, angalau, haziahidi kwamba utafika mara moja tu. Kwenye seva yako ya zamani kosa likitokea mtu alipata ukurasa mweupe na akapiga simu kulalamika, huku mfumo wenyewe unarudia kimya kimya.

Dawa iko kwenye programu yako, klaudi haitakuuzia. Kila malipo yapewe namba yake ambayo haibadiliki hata yakirudiwa, mfano namba ya safari ukiunganisha na namba ya mpagazi, isiwe namba inayotengenezwa upya kila fanksheni ikiamka maana hapo umefanya kazi bure. Kabla ya kutuma hela, iandike ile namba kwenye databesi kwenye safu isiyoruhusu marudio, hali yake "inatumwa". Databesi ikikataa kwa sababu namba ipo, basi kuna aliyeanza kabla yako, usitume. Sasa utauliza, je kama aliyeanza alikatwa kabla hajatuma kabisa, si Baba Neema atakosa hela yake? Swali zuri, na ndo sababu kuandika "imelipwa" mapema ni kosa vilevile. Ile iliyoamka ya pili ikikuta "inatumwa" kazi yake ni kuuliza: kampuni ya malipo, muamala namba hii mnao? Wakisema upo umekamilika, andika imelipwa. Ukiwa unaendelea, acha uulize tena baadaye. Wakisema hawaujui kabisa ndo unatuma, na unatuma kwa namba ile ile ili hata ukikosea wao wenyewe waukatae wa pili. Kampuni ya malipo ambayo haina sehemu ya kuuliza hali ya muamala, kwa kweli tafuta nyingine. Na ongeza ule muda wa sekunde 3, jamani. Mwisho wake Lambda ni dakika 15.

Kuna kitu kingine kinachowachanganya watu waliotoka kwenye VPS, kusahau kwamba kile chumba sio chako. Unahifadhi PDF ya pasipoti kwenye diski, kesho unaitafuta haipo, kwa sababu ilikuwa kwenye nakala iliyoshafungwa. Mafaili yanakwenda kwenye ghala la mafaili kama S3, taarifa zinakwenda databesi, na fanksheni yenyewe iwe kama mtu asiye na kumbukumbu. Kibaya zaidi ni kwamba wakati mwingine inakumbuka. Ukiweka jina la mteja kwenye variabo iliyoko nje ya fanksheni, na nakala ile ile ikahudumia mteja anayefuata kabla haijafungwa, huyo wa pili anaweza kuona jina la wa kwanza. Ukijaribu kwenye laptopu yako peke yako hutaona, inaonekana Agosti tu, watu wakifuatana.

Na databesi ndo mahali ambapo sevalesi nyingi zinakwama, maana fanksheni inatanuka ila databesi haitanuki. PostgreSQL ikija ina kikomo cha koneksheni 100. Lambda nakala moja inahudumia rikwesti moja kwa wakati, kila nakala inafungua koneksheni yake, kwa hiyo siku mmetangaza ofa ya watalii wa ndani kwa ajili ya Krismasi na watu 150 wakabonyeza kwa pamoja, Lambda inafungua nakala 150 bila wasiwasi na databesi inakataa watu kuanzia wa mia hivi. Saiti iko juu, kila grafu ya Lambda iko safi, na wateja wanaona eror. Unaweka msimamizi wa koneksheni katikati, PgBouncer au RDS Proxy, au unatumia databesi iliyotengenezwa kwa maombi ya namna hii kama DynamoDB, au ule ule ujanja wa kikomo cha nakala. Ujue pia databesi nyingi hata ndani ya klaudi zinalipiwa kwa saa, iwe masika iwe kiangazi, kwa hiyo ile hoja ya chalii kwamba Aprili hamtalipa kitu iangalieni upya.

Vipo vitu ambavyo usivipeleke huko. Kazi inayozidi dakika 15, kuchakata video ndefu, michezo au chati inayoshikilia koneksheni muda mrefu, na vile vipande vingi vinavyopigiana simu vyenyewe kwa vyenyewe. Hao hao Amazon, mwaka 2023 timu moja ya Prime Video, huduma yao ya filamu, iliyokuwa inakagua ubora wa picha na sauti ilieleza walivyotoa mfumo wao kwenye vipande vya sevalesi wakaufanya programu moja, na gharama ya miundombinu ikashuka kwa zaidi ya asilimia 90. Watu walilichukua hilo kama ushahidi kwamba sevalesi imekufa. Mimi naona ilikuwa mzigo bapa uliowekwa pasipo pake, basi.

Kwa kampuni ya tua ya ukubwa wa kawaida ningefanya hivi: kurasa za kusoma, picha za Ngorongoro na bei, ziwe mafaili yasiyobadilika kwenye mtandao wa usambazaji (CDN, seva zinazoweka nakala karibu na wasomaji), hazihitaji hata fanksheni. Fomu ya buking, kupokea taarifa za malipo, na kale ka kazi ka asubuhi kanakokumbusha wageni wa wiki ijayo walete bima, hizo ndo fanksheni. Kama tayari mna VPS inayofanya kazi vizuri na mtu anayeijua, mimi nisingeigusa.

Mahali pa kuweka napo pana akili yake. AWS wana kituo Cape Town tangu 2020, Microsoft wako Johannesburg tangu 2019 na Google tangu 2024, na mtu wa Arusha anavutiwa kuchagua cha Afrika kwa sababu ni karibu. Karibu na nani? Kama wanaobuki wako Ujerumani na Uholanzi, Frankfurt ni karibu nao zaidi, na dada wa uhasibu Moshi atavumilia. Kama ni mfumo wa Saccos au wa wakulima wa kahawa wote wako Kilimanjaro, hapo Afrika Kusini ina maana. Linganisha na bei pia, hazifanani kila kituo.

Popote utakapochagua kati ya hivyo umetoa taarifa za watu nje ya nchi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ina masharti yake kuhusu hilo na kuna Tume inayosimamia. Mwanasheria wenu aisome kabla, sio baada.

Na kwenye hilo hilo angalia logi. Madevelopa wana tabia ya kuchapisha rikwesti nzima kwenye logi wakati wa kutafuta kosa, na rikwesti nzima ya buking ina jina, namba ya pasipoti, simu, wakati mwingine na ugonjwa alionao mgeni kwa ajili ya mlima. Logi za Lambda zinaingia CloudWatch, ghala la logi la AWS, na muda wa kuhifadhi kwa kawaida umewekwa kwamba zisifutwe kamwe. Ingia kwenye kila kundi la logi weka siku 30, au 14, na ule mstari wa kuchapisha rikwesti nzima uutoe kabla hujaipeleka programu hewani.